Agosti 16 Ikihesabiwa kutoka Mombasa

Kila asubuhi redio huwasomea wasikilizaji orodha fupi ya mambo yaliyotokea siku kama hiyo katika miaka iliyopita, na jua linapoanza kuchoma, orodha hiyo huwa imekwisha kuzunguka katika simu za watu wengi: nani alizaliwa, nani aliaga dunia, nchi gani ilipata uhuru, rekodi gani ilivunjwa. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda orodha hiyo tangu utotoni. Siku hizi huisoma kwa sauti barazani, Mji wa Kale, tunapokusanyika baada ya sala ya alasiri na muuza kahawa anapopita na dele lake, akigonganisha vikombe kiganjani ili wanywaji wajue amefika. Kwa vile naipenda, naona nina wajibu wa kuihoji, kwani jambo linalosomwa kila siku mbele ya watu wengi namna hii hufundisha, hata kama aliyeliandika hakukusudia kufundisha.

Tuchukue tarehe 16 Agosti. Orodha inayofika simuni mwangu kila mwaka haibadiliki sana. Mwaka 1958 alizaliwa Madonna, katika mji wa Bay City, jimbo la Michigan. Mwaka 1960 Cyprus ilipata uhuru kutoka kwa Uingereza. Mwaka 1977 Elvis Presley alifariki nyumbani kwake Memphis akiwa na umri wa miaka 42. Mwaka 2009 Usain Bolt alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin, na hadi leo hakuna binadamu aliyekimbia umbali huo kwa kasi zaidi. Mwaka 2018 Aretha Franklin alifariki Detroit. Pengine, lakini si mara zote, hutajwa pia kwamba mwaka 2003 Idi Amin alifia uhamishoni Jeddah. Nilipomaliza kuisoma mwaka jana, bwana mmoja alisema kuwa bila shaka siku hiyo ina nyota mbaya kwa waimbaji, maana imewachukua Elvis na Aretha. Mzee mwingine, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza: "Mwanangu, na hapa Mvita siku hiyo hapakutokea jambo?" Mvita ndilo jina la kale la Mombasa.

Maneno ya yule bwana wa nyota na swali la yule mzee yanastahili majibu tofauti, na nitaanza na jepesi.

Kukutana kwa mambo makubwa katika tarehe moja si ajabu. Uwanja wa mpira una wachezaji 22 na mwamuzi mmoja wa kati, jumla watu 23. Ukiwauliza siku zao za kuzaliwa, uwezekano wa kuwapata wawili waliozaliwa tarehe moja ya mwezi mmoja unazidi nusu kidogo. Katika darasa la wanafunzi 50, uwezekano huo hufika asilimia 97. Watu hushangaa kwa sababu kila mmoja hufikiria tarehe yake peke yake, ilhali hesabu hii inamlinganisha kila mtu na kila mwenzake, na watu 23 wanatoa jozi 253. Ikiwa watu wa uwanja mmoja wanatosha kukutana, basi tukikusanya waimbaji, watawala, wanariadha na vita vya karne kadhaa na kuvigawa katika siku 365, kila siku itajaa hadi pomoni, na kila siku itakuwa na waimbaji wake waliofariki. Agosti 16 haina nyota yoyote ya pekee. Yule bwana hakuridhika, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Swali la mzee ni zito zaidi, kwa sababu kukutana kwa mambo katika tarehe ni bahati, bali kuingia kwa jambo katika orodha si bahati hata kidogo. Orodha hizi huundwa kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa, gazeti la siku ile, daftari la hospitali, filamu iliyopigwa uwanjani. Aliyezaliwa mahali penye karatasi huingia, na aliyezaliwa mahali penye kumbukumbu za mdomo hubaki nje, hata awe mkubwa kiasi gani. Muyaka wa Haji, fundi wa mashairi wa Mvita, alifariki mwaka 1840, na beti zake zingali zinanukuliwa na watu wa mji huu katika mazungumzo ya kawaida, lakini hana siku ya kuzaliwa ambayo redio inaweza kuisoma. Wazee wetu walizaliwa mwaka wa njaa fulani au mwaka wa mvua fulani. Bibi yangu alijua kwamba alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa sita baada ya Ramadhani, katika siku za maulidi, na kila mwaka aliposikia matari alisema umri wake umeongezeka. Kitambulisho chake kilisema tarehe 1 Januari, kwa sababu karani aliyemwandikisha hakuwa na mahali pa kuiandika Mfungo Sita na fomu haikukubali kubaki wazi. Wako wengi wa rika lake wenye tarehe hiyo hiyo. Ukizikusanya kadi zao utadhani wamezaliwa siku moja kama pacha, kumbe waliokutana ni kalamu ya karani na fomu yake.

Sasa nimjibu mzee. Naam, hapa Mvita palitokea jambo tarehe 16 Agosti, nalo ni zito kuliko mengi yaliyomo katika orodha ile. Ilikuwa mwaka 1631. Mtawala wa Mombasa wakati huo alikuwa Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake, Sultani Hasan, aliuawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno. Mtoto alichukuliwa akapelekwa Goa, makao makuu ya Wareno Bara Hindi, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa avae taji chini ya mfalme wa Ureno. Alirudi katika mji alioujua akiwa mdogo, akiwa na jina jingine na dini nyingine, na juu ya mji huo imesimama Ngome ya Yesu (Fort Jesus) iliyojengwa kuanzia 1593 na watu wale wale waliomwondoshea baba yake. Miaka mitano aliishi hivyo. Kisha siku hiyo ya Agosti aliingia Ngomeni na watu wake, Wareno wakiwa hawakutarajia, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Akarejea katika Uislamu, na wakazi wa Kireno pamoja na Wakristo walioshikilia dini yao wakauawa. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni wanaume 45, wanawake 35 na watoto 70.

Sitaki kuipita hesabu hiyo kwa haraka. Ukisimama mbele ya lango la Ngome leo na kuinua macho, utaona jiwe lenye maandishi ya Kireno. Lilichongwa kwa ajili ya Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, na linajisifu kwamba aliijenga upya ngome hiyo na kuwatiisha watu wa pwani hii walioasi pamoja na mfalme wao dhalimu. Mfalme huyo dhalimu ni Yusuf. Watalii hulipiga picha jiwe lile kila siku, watoto wa shule hupita chini yake kwa mistari miwili wakiongozwa na mwalimu, na kwa miaka karibu mia nne limekuwa likisema neno lake bila kujibiwa. Kwa upande mwingine, katika kumbukumbu za shirika la Mtakatifu Agostino waliouawa siku zile wanaitwa mashahidi wa Mombasa. Na wapo wenzetu hapa mjini wanaomwona Yusuf kuwa mkombozi wa kwanza wa Mvita. Mimi siwezi kumpa sifa hiyo bila kikwazo, kwani watoto 70 ni watoto 70, wala siwezi kuliachia jiwe la Cabreira liwe shahidi pekee katika kesi hii, kwa kuwa linanyamaza kabisa juu ya mwaka 1614. Ninachokidai ni kwamba tarehe hii itajwe na watu wa Mombasa wenyewe, ikiwa na pande zake zote, badala ya kuachiwa jiwe na vitabu vya mbali.

Lipo jambo jingine katika mkasa huu linalohusu tarehe moja kwa moja, na nilipolikokotoa nilikaa kimya kwa muda. Jibu la Goa halikuweza kuja Agosti ile, kwa maana kusi ilikuwa bado inavuma, na kusi hupeleka vyombo Bara Hindi, hailetei Mombasa jahazi. Msafara wa Wareno uliizingira Ngome Januari 1632, katika majira ya kaskazi, ukapigana hadi Machi ukashindwa. Mwezi Mei Yusuf mwenyewe aliuacha mji akaingia baharini, na tarehe 5 Agosti 1632 kikosi kidogo cha Wareno kilichokuwa kimebaki Unguja kikarudi na kuikalia Ngome. Kwa kalenda ya ukutani, tarehe hizo mbili hazikutani: zimebaki siku 11 ili mwaka utimie. Lakini zihesabu kwa mwezi mwandamo. Agosti 16 ya 1631 iliangukia Muharram ya mwaka 1041 wa Hijra, ambao kwa hesabu yetu ni Mfungo Nne. Kuanzia hapo hadi Agosti 5 ya mwaka uliofuata ni siku 355, na mwaka wa mwezi una siku 354 au 355. Maana yake ni kwamba kwa Mwislamu wa Mvita aliyeuangalia mwezi ukiandama, Wareno walirudi katika siku ile ile waliyotolewa, au kwa tofauti ya siku moja tu. Kwa kapteni wa Kireno aliyefuata kalenda ya Papa Gregory, iliyotumika Ureno tangu 1582, hapakuwa na kumbukizi yoyote siku ile.

Nimekwisha kusema kwamba kukutana kwa tarehe ni bahati, na hili nalo ni bahati. Walakini linaonyesha jambo ambalo orodha za asubuhi hazilisemi kamwe: siku moja ni siku moja kwa kalenda fulani tu. Kuwasili kwa Vasco da Gama Mombasa huandikwa tarehe 7 Aprili 1498, lakini hiyo ni kalenda ya zamani ya Warumi, na kwa kalenda tunayotumia sasa ilikuwa 16 Aprili. Anayeisoma redioni tarehe 7 Aprili pamoja na mambo ya karne hii anaunganisha siku mbili ambazo jua halikuzitambua kuwa moja.

Hata michezo, ambayo hupimwa kwa saa zisizokosea hata kwa sehemu ya mia ya sekunde, ina tatizo hili. Orodha hupenda kusema kwamba Bolt aliweka rekodi mbili za mita 100 katika tarehe moja, yaani 9.69 mjini Beijing tarehe 16 Agosti 2008 na 9.58 mjini Berlin tarehe 16 Agosti 2009. Ni kweli kwa kalenda ya viwanjani. Lakini ile ya Beijing tuliitazama hapa Mombasa siku ya Jumamosi saa kumi na moja na nusu za jioni, jua likiwa bado halijatua, na ile ya Berlin tuliitazama Jumapili baada ya saa nne na nusu za usiku. Wazee wetu, na mimi pia nizungumzapo nyumbani, huanza siku magharibi. Usiku wa Jumatatu kwetu ni ule unaoitangulia Jumatatu, ambao wengine huuita Jumapili usiku. Kwa hesabu hiyo sekunde 9.69 ni za siku moja na sekunde 9.58 ni za siku iliyoifuata. Kumbukizi hiyo inayopendwa na orodha inavunjika mara tu mwadhini anapotoa adhana ya magharibi.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa David Rudisha. Vitabu vya Olimpiki vinasema alitetea dhahabu yake ya mita 800 mjini Rio tarehe 15 Agosti 2016, kwa dakika 1 na sekunde 42.15, akiwa wa kwanza kushinda mbio hizo mara mbili mfululizo tangu Peter Snell wa New Zealand mwaka 1964. Rio iko nyuma yetu kwa saa sita. Wakenya walioamka kumtazama waliamka kabla ya alfajiri, karibu saa kumi na nusu, na kalenda katika nyumba zao ilikuwa imekwisha kuingia 16 Agosti. Nakumbuka mtaa wetu ulivyokuwa giza, isipokuwa madirisha machache yenye mwanga wa buluu wa televisheni, na jinsi kelele zilivyotoka katika madirisha hayo yote kwa mkupuo mmoja alipoingia mita mia za mwisho. Usiku uliofuata Faith Kipyegon alichukua dhahabu ya mita 1500, na ushindi huo vitabu vinauweka tarehe 16, ambapo kwetu ilikuwa imefika 17. Kwa hiyo orodha ya Agosti 16 inayosomwa Mombasa, kama ingehesabiwa kutoka Mombasa, ingemtaja Rudisha na kumwachia Kipyegon siku ya pili yake. Sipendekezi kwamba rekodi za dunia ziandikwe upya kwa ajili ya saa zetu. Napendekeza mtangazaji wa hapa aseme "alfajiri ya leo kwa saa zetu", maneno sita ambayo humrudisha msikilizaji mahali alipokuwa.

Nalazimika kukiri kwamba michezo, pamoja na hayo, ndiyo sehemu yenye haki zaidi katika orodha zote. Saa ya kupimia mbio haimuulizi mkimbiaji kama kijiji chake kina daftari la vizazi. Ndiyo maana jina la Mkenya anayeingia katika orodha za dunia kwa kawaida huingia kwa mbio, na mara chache sana huingia kwa shairi au kwa elimu.

Yako pia yaliyomo katika orodha ambayo ni yetu bila sisi kujua. Mstari wa Idi Amin husomwa kama habari ya mbali, lakini alipotangaza Agosti 1972 kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika muda wa siku 90, wengi wao walishuka kwa treni hadi Mombasa kupanda meli za kwenda Bara Hindi, na familia za mji huu ziliwapokea, zikawalisha na kuwasindikiza hadi bandarini. Kifo chake Jeddah kinahusu bandari ya Kilindini kuliko kuzaliwa kwa Madonna, ingawa Madonna hutangulia daima. Na sijawahi hata mara moja kuusikia mstari wa Marikana, ambako tarehe 16 Agosti 2012 polisi wa Afrika Kusini waliwaua kwa risasi wachimba madini 34 waliokuwa wamegoma wakidai mishahara bora.

Kwamba tarehe huchaguliwa, serikali zenyewe zinatuonyesha. Cyprus, ambayo orodha huitaja kila Agosti 16, huadhimisha uhuru wake tarehe 1 Oktoba, wala haijaona dhambi yoyote katika kuihamisha sherehe. Sisi Kenya tumeihifadhi tarehe 10 Oktoba na kuibadilisha jina: ilikuwa Siku ya Moi, ikawa ya Huduma, ikawa ya Utamaduni, na sasa ni ya Mazingira. Wao waliihama tarehe wakalinda jambo, sisi tuliilinda tarehe tukabadilisha jambo. Ikiwa dola zina uhuru huo, sioni kwa nini mwalimu wa historia wa Mvita au mtangazaji wa redio ya Pwani asubiri orodha iliyotengenezwa ng'ambo imwambie siku yake ilikuwa na nini.

Mzee wa barazani aliniambia nimwandikie jibu, kwa kuwa macho yake hayasomi tena simu lakini mjukuu wake anaweza kumsomea. Nimeliandika kama mstari mmoja wa orodha, litangulie kabla ya Madonna na Elvis, na hivi ndivyo litakavyosomwa Agosti ijayo baada ya alasiri: "Siku kama ya leo mwaka 1631, katika Mfungo Nne wa mwaka 1041, kusi ikivuma, Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa kwa jina la Jerónimo baada ya baba yake kuuawa, aliingia Ngomeni na kumuua kapteni wa Kireno, wakauawa watu 150, wakiwemo watoto 70, na Wareno wakarudi baada ya mwaka mmoja kwa hesabu ya mwezi, siku 11 kabla ya mwaka kwa hesabu ya jua."